Wali wa Mwani na Barua Isiyo na Jina

Mara ya kwanza nilipopewa karatasi ya mwani mkononi nilidhani ni kaboni, ile karatasi nyeusi ambayo makarani huiweka katikati ya kurasa mbili wakitaka nakala. Niliishika kwa ncha za vidole nisije nikachafuka. Mama Mjapani alicheka, akakata kipande kidogo akakila, kisha akanikatia changu. Kilikuwa kikavu na chepesi, kikanata juu mdomoni, na ladha yake ilikuwa ya chumvi na ya kitu kingine ambacho sikuwa na neno lake, kwa kuwa nilikuwa sijawahi kuiona bahari.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimeolewa, nina binti mmoja, na tulikuwa tumepanga chumba Kibera, Nairobi, upande unaopakana na Ayany. Mume wangu alikuwa fundi wa mbao. Alitengeneza vitanda na stuli kando ya barabara, si mbali na nyumbani. Mimi nilikuwa nimepata kazi ya nyumba Lavington, kwa familia ya Kijapani. Baba alikuwa injinia, na walikuwa na watoto wawili wa shule. Asubuhi nilitoka kupitia Ayany, nikavuka barabara ya Ngong, nikakata Kawangware mpaka kwao. Nyumbani tulipomzungumzia mwajiri wangu tulimwita mama Mjapani. Mbele yake nilimwita madam, naye aliniita dada. Kiswahili chake kilikuwa maneno machache, na Kiingereza chake na changu vililingana kwa ubovu, kwa hiyo mengi tulifundishana kwa mikono.

Wali uliofungwa kwa mwani ndio chakula alichowafungia watoto wake waende nacho shuleni. Alinieleza kwamba hata kwao ni mtindo mpya. Zamani wali ulifinyangwa kwa kiganja hadi ukawa na pembe tatu, na hiyo ni kazi ya mikono iliyozoea. Huu mwingine alikuwa ameupata kwa dada yake, aliyemchorea kwenye barua. Unatandaza karatasi ya mwani mezani, pembe moja ikikutazama, kama unavyotandaza nepi ya mtoto. Katikati unaweka wali wa vuguvugu, unausawazisha uwe mraba, unaunyunyizia chumvi. Juu yake unapanga yai la kukaanga, au samaki wa mkebe, au mboga. Halafu wali tena. Kisha unazileta pembe nne katikati, moja baada ya nyingine, hapo tena kama nepi, unageuza kifurushi chini juu na kukiacha kitulie mpaka unyevu wa wali uulainishe mwani nao ujifunge wenyewe. Unalowesha kisu, unakata katikati, na ndani unaona tabaka zote zimejipanga, nyeupe, njano, kijani. Ni kama mkate uliobana yai katikati, lakini mkate wake ni wali.

Mwani uliokatikakatika ndani ya pakiti, au uliolainika kwa baridi ya mwezi wa saba, madam hakuutaka. Alinipa. Nyumbani niliupitisha juu ya makaa, haraka, upande huu na upande huu, ukakauka tena. Shida ilikuwa mchele. Pishori ni mtamu lakini kila punje inakaa kivyake. Ukiufunga, ukikata unamwagika. Niliharibu sufuria mbili tatu kabla sijajua kwamba mchele uliovunjika, ule ambao watu waliudharau sokoni, ndio unaoshikana. Niliuosha mara moja tu, nikaongeza maji, nikaufunika na kuweka jiwe juu ya kifuniko. Ndani nilitia yai na kitunguu, au sukuma wiki niliyoikamua maji kabisa, au omena, wale dagaa wa ziwani, waliokaangwa wakakauka. Jirani yangu, mwanamke wa kutoka kando ya ziwa, aliniambia kwamba kwao kitu kama hicho hung'ang'ania nyavu na wao hukitupa, na mimi hapa nakilisha mtoto. Halafu akala viwili.

Mume wangu alikuwa mgumu zaidi. Alisema chakula gani hicho kinafungwa kama dawa ya mganga. Lakini alikuja akaona kwamba anaweza kula kimoja akiwa amesimama, bila sahani, vumbi la randa likiwa limemjaa mikononi, na akaanza kuniuliza mwenyewe kama mwani umebaki.

Mtu aliyekipenda tangu siku ya kwanza alikuwa wifi yangu.

Alikuwa dada wa mume wangu, wa kumfuata kuzaliwa, na alikaa Kawangware, sehemu inayoitwa Kongo. Mumewe alikuwa amemwacha na watoto watatu, akaenda kusikojulikana, na yeye aliishi kwa vibarua vya kufua, leo ploti hii ya wapangaji, kesho ile. Mimi na yeye tulipendana kuliko ndugu. Nilipojifungua binti yangu mkunga alichelewa, na mikono iliyompokea mtoto ni ya wifi. Siku za Jumapili baada ya kanisa alikuja kwetu na watoto wake, nasi tukapika pamoja. Ndiye niliyemfundisha. Alikuwa msusi mzuri wa nywele, na vidole vyake vilielewa kukunja mwani haraka kuliko vyangu; vifurushi vyake vilikuwa na pembe kali, na alipovikata havikumwagika punje. Nilijivunia yeye. Nilimweleza kila kitu cha nyumba ile, jinsi madam anavyotaka wali uoshwe, jinsi watoto wanavyopenda yai liwe tamu kidogo, jinsi baba anavyovua viatu mlangoni na hataki visogezwe. Tulikuwa tunacheka. Sikujua kwamba nilikuwa ninamfundisha kuwa mimi.

Baada ya miaka mitatu mkataba wa yule injinia uliisha. Madam aliniambia kwamba familia nyingine ya nchi yao itakuja kuhamia nyumba ileile baada ya miezi miwili hivi, nao wana mtoto mchanga, na angependa nifanye nao kazi. Akaandika barua. Bahasha moja, karatasi mbili: moja ya Kijapani, ndefu, nyingine ya Kiingereza, mistari michache. Ile ya Kiingereza ilisema kwamba mwenye barua hii amefanya kazi kwangu miaka mitatu, ni mwaminifu, anajua chakula chetu. Niliisoma mara nyingi njiani nikirudi nyumbani. Jina langu halikuwamo. Miaka yote aliniita dada, na sidhani aliwahi kulishika vizuri jina langu. Niliona haya kumrudia na kumwomba aandike upya.

Aliniachia na pakiti nzima ya mwani ambayo haikuwa imefunguliwa. Kwa mikono yake alinionyesha kwamba siku ile ya kwanza niwapikie wageni wali wa mwani, waule, na hawatauliza kingine. Soja wa getini, mzee mmoja wa mkoa wa Magharibi kama sisi, alikuwa anabaki palepale. Alisema watakapofika atamwambia mtu anayepita Kibera aniletee habari.

Niliiweka ile bahasha kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na cheti cha ndoa na kadi ya kliniki ya mtoto, na mwani juu yake.

Wiki tano hazikuisha tangu madam aondoke, mtu wa kwetu akanijia kanisani na ujumbe kwamba mama yangu ni mgonjwa na ananiita. Nilisafiri kesho yake. Binti alikuwa amefungua shule, nikamwacha na baba yake, na wifi akasema atakuwa anapita kumwangalia. Kabla sijatoka nilimwonyesha mume wangu barua ilipo. Nilimwambia kwamba wale Wajapani wakifika kabla sijarudi, aende mwenyewe getini, aonyeshe barua, aseme nimeenda kwa mama mgonjwa na ninarudi. Aliniahidi. Alinibebea mzigo mpaka kituoni, na akanipa fulana yake nzito kwa sababu ya baridi.

Mama alinipokea akiwa bado anaongea. Aliishi siku kumi na mbili. Tulimzika, na kwa kuwa mimi ndiye binti wa kwanza, nilibaki mpaka mambo yote ya matanga yaishe. Niliporudi Nairobi ulikuwa umepita mwezi na zaidi.

Mume wangu alisubiri nioge na nile ndipo akaniambia. Wale watu walikuwa wamefika, alisema. Alikwenda getini kama nilivyomwomba, akatoa barua, na akajibiwa kwamba wamekuja na mpishi wao. Nikamuuliza barua iko wapi. Akasema alimpa soja, ikapelekwa ndani wakaisoma, na hakurudishiwa.

Nililia, lakini nililia zaidi kwa sababu ya mama. Kazi niliiona kama kitu kidogo kilichozikwa pamoja naye. Na nikamshukuru mume wangu. Nilimshukuru kwa kutembea mwendo wote ule kwa ajili yangu. Kesho yake nilimpikia kuku. Hilo ndilo linaloniuma hata nikilikumbuka leo: alikaa akala kuku wa shukrani, akavunja na mifupa.

Wifi alikuja Jumapili ya kwanza kunipa pole. Alinikumbatia akalia kuliko mimi, mpaka nikawa mimi ninayembembeleza. Aliniambia naye amepata kazi, kwa familia moja ya Kihindi, mbali, na Jumapili nyingi atakuwa kazini. Nilifurahi kweli. Nilikuwa nimemwona akirudi jioni na vidole vilivyokwajuka kwa sabuni. Jumapili iliyofuata, wakati wa maombi ya shukrani, nilisimama kanisani mbele ya watu nikamshukuru Mungu kwa ajili ya kazi ya wifi yangu. Mume wangu alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma yangu.

Mimi nikaanza kupika maharagwe na chapati, nikawa ninauzia wafanyabiashara wadogo wa Soweto East, palepale Kibera. Mwani tuliutafuta sandukuni hatukuuona, na mume wangu akasema alimpa soja pamoja na barua, kwa heshima. Hilo pia niliamini. Wali niliendelea kuufunga, kwa sababu binti yangu alikuwa ameuzoea. Badala ya mwani nilitumia majani ya kabichi niliyoyatumbukiza kwenye maji ya moto yakalegea.

Ilifika likizo ya mwezi wa nane. Binti alikuwa na miaka saba. Alikwenda kukaa kwa shangazi yake Kongo wiki nzima, acheze na binamu zake. Aliporudi nilimpikia kile chakula chake, nikamkatia katikati, nikamwekea kwenye sahani. Alikiangalia akakisukuma.

"Mimi nataka kama ya anti," akasema. "Yake iko na karatasi nyeusi."

Nikamuuliza karatasi gani. Akasema ile ya zamani, ile yetu. Anti huileta kutoka kazini, na mtoto mdogo wa madam wake ana nywele kama za mwanasesere. Kisha akaziba mdomo, akaniangalia, na akasema kwamba anti alimwambia asiniambie kwa sababu nitasikia vibaya.

Nilimaliza kumlisha. Nilimwoshea mikono. Nakumbuka niliosha sufuria pia, nikaisugua kwa mchanga nje mpaka ikang'aa, na jirani yule wa ziwani akaniuliza kama nina wageni.

Kesho yake mchana nilikwenda Kawangware. Wifi alikuwa bado kazini. Nilikaa na watoto wake nikamngojea. Juu ya rafu, nyuma ya kopo la majani chai, kulikuwa na pakiti ya mwani yenye maandishi ya buluu, ya aina ileile. Nilikuwa ninaweza kuinuka niishike. Sikuinuka. Yule mkubwa wa watoto wake alinitengenezea chai, tena ya maziwa, na niliona kwamba wote watatu wana viatu.

Wifi aliingia kama saa kumi. Aliponiona alitabasamu, halafu akatazama rafu, na tabasamu likaisha. Aliwaambia watoto watoke nje. Aliketi kitandani bila kuvua leso kichwani.

Sikupaza sauti. Nilimuuliza ni nani alimpa barua yangu.

"Kaka yangu ndiye aliniletea," akasema. "Aliniambia umekubali. Alisema umeamua kukaa nyumbani na mama, hujui utarudi lini, na umesema nichukue mimi isipotee bure."

"Na wewe uliamini?"

Nje watoto walikuwa wanarusha mpira wa makaratasi ukutani.

"Siku ya kwanza niliamini, wifi."

"Na niliporudi?"

"Uliporudi nilikuwa nishaanza kazi."

Nilitaka aseme neno lingine baada ya hilo. Nilikuwa tayari kusikia karibu neno lolote. Alikuwa anaiangalia tu ile mikono yake, na mimi pia nikaiangalia, na nikawaza kwamba ndiyo iliyomshika mwanangu kabla yangu. Nikainuka nikaondoka. Hakunifuata mlangoni.

Mume wangu nilimkuta kesho yake asubuhi mahali pake pa kazi, anapiga randa ubao wa kichwa cha kitanda. Sikutaka kusema naye nyumbani, ukuta wetu ulikuwa mabati na mtoto alikuwa na masikio. Nilisimama upande wa pili wa ule ubao. Nikamwambia nimetoka kwa dada yake. Aliendelea kupiga randa mara mbili tatu, kisha akaiweka chini.

Alianza kwa kusema kwamba haikuwa hivyo. Halafu akasema ilikuwa hivyo lakini nielewe. Familia ile ilifika siku nne baada ya mimi kuondoka, na walitaka mtu mara moja kwa sababu ya mtoto mchanga. Hakujua mama yangu atakaa siku ngapi. Siku hiyohiyo dada yake alikuwa amekuja kwake analia, mwenye nyumba amemfungia mlango, watoto wako nje na vyombo. Na barua haikuwa na jina.

"Ungemwambia aende kwa muda," nikasema. "Mpaka nirudi."

"Nilifikiria hivyo. Halafu ukarudi, na niliona siwezi kumtoa."

"Uliona huwezi kuniambia."

Akafuta vumbi usoni kwa mkono wa shati. Aliyoyasema baada ya hapo aliyasema polepole, si kwa hasira, na ndiyo maana hayajanitoka.

"Wewe una mimi," alisema. "Yeye ana nani?"

Nilimwambia angeniuliza. Akasema ningekataa. Nami nikasimama pale katikati ya mbao nikitafuta jibu, kwa sababu sikujua. Hata leo sijui. Huenda ningekataa. Huenda ningeomboleza siku mbili halafu nikaichukua ile bahasha kwa mikono yangu nikampelekea wifi Kongo, tukalia pamoja, na ingekuwa zawadi yangu kwake maisha yake yote. Mume wangu aliitoa zawadi hiyo kwa niaba yangu, na alivyoitoa ikawa wizi. Nilijaribu kumweleza hivyo, lakini maneno hayakukaa vizuri, na mteja alikuwa amekuja kuulizia kitanda chake.

Zilipita kama siku kumi. Tuliongea ya chakula na ya shule tu. Halafu asubuhi moja nilivaa nguo zangu za kanisani, nikachukua njia yangu ya zamani mpaka Lavington. Nilikuwa nimepanga nitakavyosema. Ningemwambia yule madam mpya kwamba barua ni yangu, na kama ana shaka ampigie simu au amwandikie mwenzake kule kwao amuulize yule aliyemwita dada alikuwa na alama gani shavuni. Mimi nina alama ya moto shavu la kushoto tangu utoto.

Yule mzee soja alinifungulia kidirisha cha geti akashtuka. Alisema walidhani nimekaa nyumbani moja kwa moja. Mume wangu alimwambia nimebaki kutunza shamba la mama, sitarudi mjini. Alisema aliona ajabu mwanzoni, kwamba yule dada mpya ameingia kwa barua yangu, na madam anamuuliza habari za miaka mitatu naye anajibu. Anajua mpaka jina la paka waliyekuwa naye. Anajua blanketi nililopewa wakati mtoto wangu alipougua. Soja aliponyamaza ni kwa sababu aliona ni mambo ya familia, na mume wangu mwenyewe ndiye aliyemleta.

Nilikuwa sijamjibu, geti dogo likafunguka kutoka ndani. Yule madam alikuwa anatoka kutembea, kijana kuliko wangu, na kofia ya nyasi. Nyuma yake alikuja wifi na mtoto mgongoni, amemfunga kwa leso. Mtoto alikuwa amelala, shavu lake limebonyea katikati ya mabega ya wifi.

Madam alinisalimia kwa Kiswahili, vizuri. Akaniuliza kama namtafuta mtu.

Wifi hakuinua macho. Sikuona aibu usoni mwake, niliona woga. Alikuwa ameshika mafundo ya leso kifuani kwa mikono yote miwili kana kwamba mtu anakuja kumpokonya mtoto. Maneno yangu yote nilikuwa nayo. Yalikuwa yamejipanga ulimini.

"Huyu ni wifi yangu," nikamwambia madam. "Nilikuwa nimemletea salamu za nyumbani."

Watu wa kanisani niliowahi kuwasimulia wamenisifu kwa hilo. Wanasema nilimhurumia, niliwafikiria watoto wake. Si kweli. Sikumfikiria mtoto wa mtu. Nilishindwa tu, kama unavyoshindwa kubeba mzigo ambao jana uliubeba. Madam alisema asante, akasema wifi yangu ni mtu mzuri sana, mpishi mzuri, kwamba rafiki yake alikuwa amemsifu lakini hakumsifu vya kutosha. Alionyesha kwa vidole namna ya kukunja pembe, moja, mbili, tatu, nne. Nikasema ndiyo, anajua. Wakaenda zao kwenye kivuli cha miti ya barabarani, na wifi hakugeuka.

Sikuachana na mume wangu. Wengi wameniuliza kwa nini, na jibu langu ni kwamba alikuwa baba mwema, hakuwahi kuninyooshea mkono, na nilikuwa na miaka ishirini na saba na mama yangu amekufa. Lakini kuna kitu nilikitoa ndani ya nyumba ile na sikukirudisha. Vyeti vyangu vyote nilivipeleka kwa jirani, yule wa kando ya ziwa, akaniwekea chini ya godoro lake. Nilipopata kazi ya kupika katika shule ndogo ya watoto upande wa Ayany, sikumwambia mume wangu mpaka nilipokuwa nimeifanya wiki mbili. Alipojua aliniuliza kwa nini sikusema. Nilimwambia sikujua kama atakubali. Alielewa. Hakuniuliza tena mambo ya aina hiyo, na polepole tukazoea kuishi hivyo, tunaheshimiana, tunacheka na mtoto, na kila mmoja ana sanduku lake.

Wifi alikaa na familia ile miaka minne, mpaka waliporudi kwao. Kijana wake mkubwa alimaliza sekondari kwa kazi hiyo. Najua, kwa kuwa binti yangu aliendelea kwenda kwao wakati wa likizo, sikumkataza. Mara mbili alirudi na pakiti ya mwani ndani ya begi lake la shule, imefungwa vizuri kwenye gazeti, bila neno. Ya kwanza niliirudisha. Ya pili niliitumia. Mtoto alikuwa amekaa muda mrefu bila, na hakuwa na kosa.

Tulionana uso kwa uso tena wakati mama mkwe alipofariki, mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini. Wafu wa nyumba moja huwakalisha watu mahali pamoja wapende wasipende. Tulipofika nyumbani kwao Magharibi, wanawake waligawiwa kazi, na mimi na wifi tukapewa ungo mmoja tuchambue mchele wa wageni. Tuliketi chini nyuma ya jiko. Watu walikuwa wanapita na maji, na kuni, na mabenchi. Kwa muda mrefu tulitoa mawe tu na kuyatupa kando.

Kisha alisema, bila kuacha kazi, "Wifi, nilikukosea. Nimejaribu kusema miaka hii yote."

Nilimwangalia. Alikuwa amezeeka upande wa macho, na mama yake alikuwa amelala kwenye sanduku umbali wa hatua ishirini. Nilitafuta ndani yangu kama kuna msamaha, nikaona bado sina wa kutoa, na sikutaka kumdanganya siku hiyo, siku ya mama yake.

"Nimesikia," nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa kile alichokitarajia. Tukauinua ungo pamoja, yeye upande wake na mimi upande wangu, tukaupepeta. Baadaye, wageni walipokuwa wanakula, alinipakulia sahani kabla ya wengine na kuniletea pale nilipokuwa nimeketi na binti yangu. Ilikuwa na nyama nzuri. Niliichukua, nikala.